Benedicto Kiwanuka: Jaji Mkuu Aliyeishika Sheria Hadi Kufa



Ifikapo tarehe 21 Septemba majaji na mawakili wa nchi jirani ya Uganda humkumbuka mwenzao mmoja ambaye hana kaburi. Alikuwa mlei Mkatoliki, mume na baba wa familia, askari wa zamani, wakili, mwanasiasa, na mwishowe Jaji Mkuu wa nchi yake. Tarehe hiyo, mwaka 1972, watu wenye silaha walimchukua kutoka ofisini mwake katika Mahakama Kuu ya Kampala, naye hakurudi tena. Mwili wake haujapatikana hadi leo. Jina lake ni Benedicto Kiwanuka.

Tumeona vema kuyasimulia maisha yake kwa waamini wa Mwanza kwa sababu mbili. Kwanza, katika parokia zetu malalamiko juu ya mahakama na mawakili ni mengi: mirathi inayozunguka miaka na miaka, kiwanja kilichouzwa kwa watu wawili, ada iliyokwisha kulipwa na wakili asionekane tena. Wako waamini waliofikia kuamini kwamba mtu hawezi kuwa mwanasheria na akabaki Mkristo mwaminifu, na wako wazazi wanaosita kumruhusu mtoto kusomea sheria kwa hofu hiyo. Pili, Kiwanuka ni mtu wa ziwa letu, na habari za kifo chake zinatugusa sisi wa pwani ya kusini kuliko wengi wetu tunavyojua.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hatumwandiki hapa kama mtakatifu. Kutangaza watakatifu ni kazi ya Kanisa, nasi hatulitangulii. Tunamwandika kama Mkristo mbatizwa aliyepewa talanta ya sheria, akaitumia katika nyakati ngumu, na akatakiwa mwishoni atoe hesabu yake mapema kuliko alivyotazamia.

Ziwa moja, imani moja

Mwishoni mwa Desemba 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulifika Kageye, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Magu. Kutoka hapo Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa kwa mtumbwi, wakafika Buganda mwezi Februari 1879. Mwaka 1882 wamisionari walilazimika kuondoka Buganda, wakarudi kwetu na kuweka makao Bukumbi. Miaka michache baadaye wakavuka tena. Wakristo wa Buganda walioteswa wakati wa Kabaka Mwanga, Karoli Lwanga na wenzake, walikuwa matunda ya utume uliopita katika maji haya haya tunayoyatazama kila siku kutoka Capripoint na Kirumba.

Baada ya vita vya kidini vya mwaka 1892, Wakatoliki wengi wa Buganda walikusanyika katika jimbo la Buddu, magharibi mwa ziwa, upande wa Masaka. Huko likakua Kanisa imara: misheni ya Villa Maria, seminari ya Katigondo, na mwaka 1939 askofu Mwafrika, Joseph Kiwanuka, aliyewekwa wakfu na Papa Pius XII mwenyewe mjini Roma. Katika seminari hiyo ya Katigondo ndiko alikosoma Laurean Rugambwa wa Bukoba, aliyekuja kuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika. Basi tunapotaja Buddu tunataja shamba lililotupatia sisi pia mbegu.

Katika Buddu hiyo, kijijini Kisabwa, alizaliwa Benedicto Kagimu Mugumba Kiwanuka tarehe 8 Mei 1922, katika familia ya Kikatoliki. Msomaji asimchanganye na Askofu Joseph Kiwanuka, ingawa jina ni moja.

Askari, karani, mwanafunzi

Vita Kuu ya Pili ilipofika, kijana Kiwanuka alijiunga na jeshi mwaka 1942. Alitumikia Kenya, Misri na Palestina, akapanda cheo hadi usajini meja, akarudi nyumbani mwaka 1946. Vijana wengi wa kizazi chake, wa Usukuma na wa Buganda sawia, walikwenda vitani wakiwa watoto wa vijijini, wakarudi wakiwa wameiona dunia na wamejifunza kuuliza kwa nini.

Baada ya jeshi alifanya kazi ya ukarani na ukalimani katika Mahakama Kuu. Hatua hii ndogo inafaa tuitazame kidogo. Katika mahakama za kikoloni jaji alikuwa Mwingereza, sheria ilikuwa ya Kiingereza, na mshitakiwa mara nyingi alikuwa mkulima asiyejua neno hata moja la lugha iliyokuwa ikiamua maisha yake. Kati yao alisimama mkalimani. Akipunguza neno, mtu aweza kufungwa. Akiongeza neno, mtu aweza kunyongwa. Kabla Kiwanuka hajasoma kanuni yoyote ya uwakili katika kitabu, alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake kwamba uhai wa maskini waweza kutegemea uaminifu wa mtu mmoja asiye na cheo kikubwa. Sisi Watanzania tuna sababu ya kulielewa jambo hili, kwa maana ni mwaka 2021 tu ambapo sheria yetu ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama.

Mwaka 1947 alifunga ndoa na Maxencia Zalwango, nao wakajaliwa watoto wengi. Lakini hamu ya kusoma haikumwacha. Akiwa mtu mzima mwenye familia, alisafiri hadi Basutoland, nchi iitwayo leo Lesotho, kusoma katika chuo cha Kikatoliki cha Pius XII kilichokuwa mahali paitwapo Roma. Kutoka huko, mwaka 1952, alikwenda London kusoma sheria katika University College, na mwaka 1956 akapokelewa kuwa wakili kupitia Gray's Inn, mojawapo ya vyama vinne vya kale vya mawakili wa Uingereza.

Vyama hivyo vilikuwa zaidi ya shule. Mwanafunzi alitakiwa kula mezani pamoja na mawakili wakubwa, azijue desturi zao, aone jinsi wanavyoheshimiana hata wanapopingana mahakamani. Nia yake ilikuwa kwamba mtu asiingie katika taaluma kwa kufaulu mtihani peke yake. Wenzake wamjue, nao wawe tayari kumtolea ushuhuda kwamba tabia yake inafaa. Hili si geni katika Kanisa. Seminarini hatuwapi vijana daraja kwa sababu ya alama za teolojia tu. Jumuiya huulizwa juu ya maisha yao, na majina yao husomwa parokiani ili mwenye neno alitoe.

Waziri Mkuu aliyerudi kwenye majalada

Kiwanuka alirudi Kampala akafungua kazi ya uwakili. Lakini nchi ilikuwa inaelekea kwenye uhuru, na siasa ikamwita. Mwaka 1954 Wakatoliki waliolalamika kubaguliwa katika uongozi wa Buganda walikuwa wameanzisha chama cha DP, ambacho wito wake ulikuwa ukweli na haki. Mwaka 1958 Kiwanuka alichaguliwa kuwa rais wa chama hicho, naye akajitahidi kukitoa nje ya mipaka ya dini moja na kabila moja.

Katika uchaguzi wa mwezi Machi 1961 DP ilipata viti vingi zaidi, na Kiwanuka akawa kiongozi wa serikali. Tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopata madaraka ya ndani, akawa Waziri Mkuu wa kwanza. Ushindi huo ulikuwa na kidonda. Watu wengi wa Buganda walikuwa wamesusia uchaguzi kwa wito wa wakuu wao, na machoni pa wengi katika ikulu ya Mengo, mtu wa kawaida, tena Mkatoliki, kuketi juu ya mambo ya Kabaka lilikuwa jambo lisilovumilika. Waliomfahamu hawakuficha kwamba naye alikuwa mtu mgumu, asiyejua kubembeleza, na ugumu huo ulimnyima marafiki aliowahitaji.

Mwezi Aprili 1962 ulifanyika uchaguzi mwingine. Chama cha Milton Obote kiliungana na chama cha Kabaka, na DP ikashindwa. Uhuru ulipofika tarehe 9 Oktoba 1962, bendera ilipandishwa mbele ya Waziri Mkuu mwingine. Kiwanuka alikabidhi ofisi, akarudi kwenye majalada ya wateja wake. Katika Afrika ya miaka iliyofuata, ambamo wengi walioonja ikulu hawakukubali kutoka isipokuwa kwa risasi, jambo hili lina uzito wake. Alikuwa na kazi ya kurudia, na kazi hiyo hakuiona kuwa ya chini.

Miaka ya sitini haikuwa ya amani. Mwaka 1966 Obote aliisimamisha Katiba, jeshi likashambulia ikulu ya Kabaka, na Kabaka Mutesa akakimbilia Uingereza alikofia. Mwaka 1969 vyama vya upinzani vilipigwa marufuku, na Kiwanuka akatiwa kizuizini bila kuhukumiwa na mahakama yoyote. Mwanasheria aliyejua kwa moyo kila hatua anayopaswa kupitia mtu kabla ya kunyimwa uhuru wake, akaketi gerezani bila hata moja ya hatua hizo kufuatwa.

Zawadi kutoka kwa mkono wa hatari

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Obote. Siku chache baadaye aliwafungulia wafungwa wengi wa kisiasa, Kiwanuka akiwa mmoja wao. Barabara za Kampala zilijaa shangwe. Mwezi Juni mwaka uleule Amin alimteua Kiwanuka kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika wadhifa huo.

Hapa tunakutana na swali gumu la maisha haya, wala hatupaswi kulipita upesi. Je, ilimpasa Mkristo kupokea cheo kutoka kwa mtu aliyepata madaraka kwa bunduki? Wako waliomlaumu wakati ule, na wako wanaomlaumu hata leo. Sisi tunaona kwamba mambo mawili yafaa yazingatiwe. La kwanza, mwaka 1971 Waganda wengi, pamoja na mataifa makubwa, hawakuwa bado wameujua uso wa pili wa Amin. La pili ni zito zaidi. Kiapo cha jaji hakimfungi kwa mtu aliyemteua. Kinamfunga kwa sheria, na kwa yeyote atakayesimama mbele yake akiomba haki. Mtawala anayemteua jaji akidhani amenunua rafiki, amekosea hesabu. Na jaji anayepokea uteuzi akidhani anadaiwa shukrani, amekosea vibaya zaidi. Kiwanuka alikuwa na deni la shukrani kwa Amin, deni la kutolewa gerezani. Jinsi alivyokataa kulilipa deni hilo kwa fedha ya haki ya watu wengine ndiyo sababu tunamkumbuka.

Muda haukuwa mrefu. Askari walianza kukamata raia ovyo, watu wakatoweka, na amri za mahakama zikapuuzwa. Jaji Mkuu alilalamikia mambo hayo, na lawama zake hazikupokelewa vema.

Mwili uletwe mahakamani

Mwezi Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba watu wenye asili ya Asia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Uhusiano na Uingereza ukaharibika, na Waingereza waliokuwa nchini wakawa hatarini. Mmoja wao alikamatwa na askari na kuwekwa ndani. Mawakili wake walikwenda Mahakama Kuu kuomba amri ambayo wanasheria huiita kwa Kilatini habeas corpus.

Amri hii ni mojawapo ya ngao za kale kabisa za mtu asiye na nguvu. Mahakama humwambia aliyemshika mtu: mlete mwili wake hapa mbele yetu, utueleze ni kwa sheria gani unamzuia, usipoweza kueleza, mwachie. Haiulizi kama mtu huyo ni mwema au mwovu, mwenyeji au mgeni, rafiki wa serikali au adui wake. Inauliza sheria tu.

Shauri lilikuja mbele ya Jaji Mkuu mwenyewe. Fikirini hali ilivyokuwa. Mwombaji hakuwa Mganda, wala Mkatoliki wa Buddu, wala mpiga kura wa DP. Alikuwa mgeni kutoka taifa ambalo serikali ilikuwa ikilitukana redioni kila siku. Ilikuwa rahisi sana kuahirisha shauri, kutafuta kasoro katika karatasi, au kuugua kwa siku mbili. Kiwanuka alisikiliza, akaamua kwamba kuzuiwa kwa mtu yule hakukufuata sheria, akaamuru aachiliwe.

Hapo Mwanza inaingia katika habari hii. Tarehe 17 Septemba 1972 wapiganaji waliomuunga mkono Obote walivuka mpaka kutoka nchini mwetu kwenda Uganda, wakashindwa. Amin alijibu kwa kutuma ndege za vita, na mabomu yakaangushwa Bukoba na Mwanza. Wazee wetu wa mjini wanazikumbuka siku zile. Mapatano yalifikiwa Mogadishu mwezi uliofuata, na watu wa ziwa wakaendelea kuishi kwa mashaka hadi vita ya mwaka 1978 na 1979. Ni katika juma hilohilo la mabomu, wakati Amin aliona msaliti kila kona, ndipo watu wake walipoingia Mahakama Kuu.

Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, tarehe 21 Septemba. Jaji Mkuu alikuwa kazini. Alitolewa kwa nguvu, akatiwa ndani ya gari, akapelekwa gereza la kijeshi la Makindye, na huko, kadiri inavyojulikana, akauawa siku chache baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 50. Serikali ilidai kwamba alitekwa na maadui wa nchi. Mtu aliyeamuru mwili wa mgeni uletwe mbele ya mahakama, mwili wake mwenyewe haukuletwa kwa mkewe wala kwa watoto wake. Mama Maxencia alibaki mjane asiye na kaburi la kulilia.

Waliomfuata ni wengi. Mwezi Januari 1973 aliuawa Padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Munno. Mwaka 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana. Ilikuwa kana kwamba mkono ule uliwalenga waliokuwa na kazi ya kusema kilicho kweli: jaji, mwandishi, mchungaji. Tangu mwaka 2018 Mahakama ya Uganda huandaa kila mwaka mhadhara wa kumbukumbu wenye jina la Benedicto Kiwanuka, ambako majaji na mawakili hujipima kwa kipimo cha maisha yake.

Anatufundisha nini sisi?

Maandiko Matakatifu yanaijua vizuri kazi ya sheria na hatari zake. Yethro alimshauri Musa achague waamuzi wanaomcha Mungu na kuchukia mali ya dhuluma. Habari ya shamba la Nabothi inatuonyesha kwamba dhuluma kubwa yaweza kupita katika njia inayofanana kabisa na sheria: kikao kikaitishwa, mashahidi wawili wakaletwa, hukumu ikatolewa, na mtu asiye na kosa akapigwa mawe ili mfalme apate shamba la mizabibu. Bwana wetu naye aliwakemea wanasheria waliowatwika watu mizigo wasiyoigusa wenyewe hata kwa kidole. Akatupa pia mfano wa mjane aliyemsumbua kadhi dhalimu hadi akapata haki yake. Na yeye mwenyewe alihukumiwa na hakimu aliyejua kwamba hana hatia, akaogopa kupoteza cheo.

Pilato na Kiwanuka walikabiliwa na jaribu moja. Ndiyo maana Kanisa limewapa wanasheria watakatifu wa kuwaombea: Mtakatifu Ivo wa Bretania, padre aliyetetea maskini bila malipo na kufariki mwaka 1303, na Mtakatifu Thomas More, aliyekatwa kichwa mwaka 1535 kwa kukataa kuapa kinyume cha dhamiri.

Lakini Kanisa halitegemei mashujaa peke yao, wala nchi haipaswi kuwategemea. Taaluma inahitaji kanuni zinazowashika hata watu wa kawaida. Kwetu Tanzania Bara, mhitimu wa sheria hupita kwanza katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kisha huapishwa na jina lake kuandikwa katika daftari la mawakili. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, imeunda Kamati ya Mawakili yenye uwezo wa kumwonya wakili, kumsimamisha, au kuliondoa jina lake katika daftari. Kanuni za maadili za mwaka 2018 zinamtaka atunze siri za mteja, asiwatumikie watu wawili wenye masilahi yanayogongana, asiidanganye mahakama, na fedha ya mteja asiifanye yake. Kwa mahakimu zipo kamati za maadili za wilaya na mkoa zilizowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011.

Tunayataja haya kwa makusudi. Mara nyingi muumini aliyedhulumiwa na wakili huja kulalamika sakristiani, kisha huenda zake na uchungu, akiamini hakuna pa kwenda. Pa kwenda papo. Malalamiko yaandikwe, stakabadhi zitunzwe, nayo yapelekwe kwenye kamati husika. Kumshitaki aliyevunja maadili kwa njia ya halali si kukosa upendo wa Kikristo. Ni kumlinda mjane atakayeingia katika ofisi ile kesho. Na kabla ya kumlipa mtu, ulizeni kama jina lake limo katika daftari la mawakili na kama ana leseni ya mwaka huo, maana vishoka ni wengi, na wapo wanaosubiri watu hata kwenye ngazi za mahakama. Asiye na uwezo wa kulipa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua, na wasaidizi wa kisheria wanafanya kazi katika wilaya zetu.

Sasa tugeuze macho kwetu wenyewe. Tunamlaumu hakimu aliyepokea bahasha. Aliyeijaza bahasha ile alikuwa nani? Tunamlaumu wakili aliyemleta shahidi wa uongo. Shahidi yule alitoka katika ukoo gani, na Dominika iliyofuata hakupanga mstari wa Komunyo pamoja nasi? Hapa kanda ya ziwa tunafahamu jinsi ndugu wanavyogawanyika baada ya mazishi, jinsi mjane anavyonyang'anywa nyumba na mtumbwi, jinsi wazee wa heshima wanavyokubali kusema mahakamani kwamba mpaka wa shamba ulikuwa pale ambapo haukuwapo kamwe. Amri ya nane haiwahusu mawakili tu. Hakuna wakili mpotovu asiye na mteja, na mara nyingi mteja huyo ana kadi ya ubatizo.

Aliyetoa ushahidi wa uongo hatengenezi mambo kwa kuungama peke yake. Kanisa linafundisha kwamba kosa dhidi ya haki na ukweli linadai malipizi. Shamba lirudishwe kwa mwenyewe, na jina lililochafuliwa lisafishwe mbele ya walewale waliosikia uongo. Tunajua kwamba hili ni gumu. Tunajua pia kwamba wapo kati yetu wanaolibeba jambo la namna hiyo kwa miaka, na tunawaalika wamwendee padre kwa imani, waanze safari ya kurekebisha kabla aliyedhulumiwa hajafariki.

Kwa vijana wetu wanaosoma sheria, pale Malimbe katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino na kwingineko, tunasema: msiogope wito huu. Wengi wenu hamtaombwa kufa. Mtaombwa mambo madogo: kuweka tarehe ya nyuma kwenye hati, kunyamaza mbele ya mkubwa, kumchelewesha maskini kwa sababu mwenye fedha anasubiri. Kiwanuka hakupata nguvu ya Septemba 1972 siku ileile. Aliijenga kidogo kidogo, tangu siku alizokuwa mkalimani asiyeongeza wala kupunguza neno.

Tunawaomba waamini wote, katika sala za Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, wawakumbuke majaji, mahakimu, mawakili na makarani wa mahakama zetu. Na tunapowaombea marehemu, tuwakumbuke wale wasio na makaburi.

Ee Mungu, mwamuzi wa haki, uwape watumishi wa sheria moyo usionunulika na ulimi usioogopa. Utusaidie sisi sote kusema kweli hata inapotugharimu. Mpumzishe kwa amani mtumishi wako Benedicto, pamoja na wote waliouawa kwa ajili ya haki katika nchi zinazolizunguka ziwa letu, na uwafariji waliobaki wakiwasubiri. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.